Redio ya Sufuria: Tuitengeneze au Tuiache?

Mwaka 1949 katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya bei nafuu kwa Waafrika. Aliyeitafuta ni Harry Franklin, mkuu wa Idara ya Habari. Walioiunda ni Ever Ready wa Uingereza. Kasha lake lilitokana na sufuria ya alumini, likapakwa rangi ya buluu. Ndani mlikuwa na valvu nne za kioo. Bei ilikuwa pauni 5, na betri kavu ililipiwa mbali.

Babu yangu, aliyefanya kazi migodini huko, alituachia moja. Haisemi. Mama, aliyeisikiliza utotoni, ataka isikike tena. Fundi mmoja alishauri tuikwangue rangi na kutia vyombo vya kisasa ndani. Nilikataa. Penye kifundo rangi imelika kwa vidole vya babu, ikikwanguliwa, hairudi. Na vyombo vya ndani vikitupwa, mwanafunzi wa kesho ataona sufuria tupu.

Basi, wenzangu, redio iliyo nyingi na itengenezwe. Iliyo adimu, tuifanyie yale tu yawezayo kurudishwa: ondoa betri inayovuja, pangusa vumbi kwa brashi laini, piga picha kabla ya kugusa kitu. Ikilazimu kubadili kifaa, kile cha zamani kiwekwe katika bahasha, na tarehe iandikwe juu yake.

Mama hajaridhika. Nimemwahidi kutafuta fundi atakayekubali masharti hayo.