MSANIFU WA TOVUTI NA MTEJA WAKE

Tovuti ni mkusanyiko wa kurasa za maandishi na picha zinazohifadhiwa katika kompyuta maalumu iitwayo seva, ambazo mtu yeyote mwenye simu au kompyuta iliyounganishwa na intaneti aweza kuzisoma. Utaratibu huu ulipendekezwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, na mwaka 1991 ukafunguliwa kwa watu wa nje ya kituo hicho. Katika Tanzania, kufika kwa mkongo wa baharini wa SEACOM mwaka 2009 na kuenea kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hadi mikoani kumeifanya kazi ya kusanifu tovuti kuwa riziki ya vijana wengi.

Mafunzo ya kazi hii aghalabu huanzia kwenye uandishi wa programu na upangaji wa rangi. Lakini kazi nyingi huharibikia mahali pengine, yaani katika maelewano baina ya msanifu na mteja. Msanifu hudhani amemaliza kazi, naye mteja hudhani haijaanza. Madhumuni ya somo hili ni kueleza, kwa mfano mmoja, mambo ambayo hapana budi yaelewane baina ya pande hizo mbili kabla kazi haijaanza, inapoendelea na inapokabidhiwa.

Mfano wa Saza

Saza ni kata iliyomo katika Wilaya ya Songwe, katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Sehemu hiyo imo katika eneo la dhahabu la Lupa, ambako dhahabu ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1920. Palikuwa na mgodi mkubwa, New Saza, uliofungwa katika miaka ya 1950. Uchimbaji mdogo ungali riziki ya watu wengi wa wilaya hiyo.

Ichukuliwe, kwa ajili ya mafunzo tu, kwamba chama kimoja cha wachimbaji wadogo wa Saza kina mashine ya kusaga mawe, ambayo wachimbaji huiita karasha. Viongozi wa chama wanamwendea msanifu kijana mjini Tunduma na kumwambia kwamba wanataka tovuti ya kuuzia dhahabu. Bajeti yao ni ndogo, nao wanataka kazi iishe katika mwezi mmoja.

Kumsikiliza mteja

Msanifu mwenye haraka atakwenda nyumbani na kuchora duka zuri lenye picha za dhahabu na bei zake. Atakuwa amefanya alichoambiwa, na atakuwa amekiingiza chama katika matatizo. Tangu mwaka 2019, dhahabu ya wachimbaji wadogo huuzwa katika masoko ya madini na vituo vya ununuzi vilivyowekwa kwa mujibu wa sheria, na mnunuzi hana budi kuwa na leseni. Ukurasa wa kupokea fedha za dhahabu kutoka kwa mtu yeyote ni hatari kwa mwenye chama na kwa fundi wake pia.

Msanifu mwenye subira huuliza kwanza. Maswali yafuatayo yafaa kwa mteja wa aina yoyote:

(1) Ni nani atakayeisoma tovuti hii?
(2) Akiisha kuisoma, mteja anataka msomaji huyo afanye nini?
(3) Msomaji atatumia chombo gani, na akiwa mahali gani?
(4) Ni nani katika chama atakayejibu simu na kusahihisha habari zilizopitwa na wakati?
(5) Baada ya miezi sita, ni jambo gani litakaloonyesha kwamba fedha haikupotea bure?

Katika mfano huu, msanifu anauliza, “Mwenyekiti, wateja wa chama hukwama wapi?” Jibu linaleta habari mpya. Wachimbaji hukodi gari, hupakia mifuko ya mawe, hufika kwenye karasha na kukuta mashine imeharibika au foleni ni ya siku mbili. Nauli imekwisha kulipwa, na wengine hawarudi tena. Basi haja ya chama si duka la dhahabu. Haja yake ni ukurasa unaoeleza kama mashine inafanya kazi leo, bei ya kusaga mfuko mmoja, urefu wa foleni na namba ya kupiga simu. Kazi hiyo ni ndogo kuliko duka, gharama yake ni nafuu, na faida yake yaweza kuhesabiwa: idadi ya mifuko inayosagwa kwa mwezi kabla na baada ya tovuti.

Ombi la kwanza la mteja, basi, lichukuliwe kama maelezo ya mgonjwa kwa tabibu. Husikilizwa kwa heshima, huandikwa, kisha hufanyiwa uchunguzi. Iwapo ombi halifai, msanifu aeleze sababu kwa lugha nyepesi bila kutumia maneno ya kitaalamu kama ngao. Mzee aliyeongoza uchimbaji kwa miaka thelathini haelewi neno “seva” kwa sababu hajafundishwa, kama vile msanifu asivyoweza kuutambua mwamba wenye dhahabu kwa kuutazama.

Kuandika mapatano

Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mapatano ya kazi yaandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na pande zote mbili, yatiwe sahihi, na kila upande ubaki na nakala. Hayahitaji kuwa marefu. Yataje idadi ya kurasa, mtu atakayeleta maandishi na picha, tarehe ya kuvileta, tarehe ya kukabidhi kazi, bei, na idadi ya marekebisho yaliyomo ndani ya bei hiyo.

Kipengele cha maandishi na picha hudharauliwa mno. Msanifu aweza kumaliza umbo la kurasa katika wiki mbili, kisha akangoja miezi mitatu apewe historia ya chama na orodha ya bei. Kwa hiyo mapatano yaseme kwamba siku za kazi zitahesabiwa tangu maandishi yote yatakapopokelewa.

Jambo jingine ni msemaji. Chama kina mwenyekiti, katibu, mhazini na wajumbe. Mmoja atataka rangi ya kijani, mwingine ya manjano, na wa tatu atataka picha yake iwekwe mbele. Chama kimteue mtu mmoja wa kuleta maamuzi, naye ayalete kwa maandishi baada ya kikao. Ujumbe mfupi wa simu watosha, mradi uhifadhiwe.

Malipo yaweza kugawanywa kwa mafungu matatu: theluthi moja kabla ya kuanza, theluthi ya pili rasimu inapokubaliwa, na theluthi ya mwisho siku ya kukabidhi. Utaratibu huu humlinda msanifu asifanye kazi ya bure, na humlinda mteja asilipe fedha zote kwa kazi asiyoiona. Mteja akiomba jambo jipya lisilokuwamo katika mapatano, msanifu asinung’unike wala asilifanye kimya kimya. Aandike gharama yake na siku zitakazoongezeka, kisha angoje kibali.

Jina la tovuti ni mali ya nani?

Kila tovuti ina anwani yake, iitwayo jina la kikoa. Majina yanayoishia na .tz ni ya Tanzania, na ndani yake yamo mafungu: .co.tz kwa biashara, .or.tz kwa mashirika yasiyo ya biashara, .sc.tz kwa shule, na mengineyo. Jina huandikishwa kwa ada na kwa muda maalumu, na muda huo ukiisha sharti ada ilipwe tena.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Aghalabu msanifu huandikisha jina la mteja kwa jina lake mwenyewe na kwa anwani yake ya barua pepe, kwa sababu ni rahisi. Miaka miwili baadaye amehamia mji mwingine, amebadili namba ya simu, au amefariki dunia. Ilani ya kulipia inatumwa kwa mtu asiyekuwapo, jina linafutwa, na mtu mwingine aweza kuliandikisha. Wakati huo chama kimekwisha kulichapa jina hilo kwenye stakabadhi, bango na magari. Mteja hana cheti cha kuonyesha kwamba lilikuwa lake.

Kinga yake ni nyepesi. Jina liandikishwe kwa jina la chama tangu siku ya kwanza. Barua pepe itakayotumika iwe ya chama, wala isiwe ya mtu mmoja. Msanifu aweza kuandikwa kama mtaalamu wa ufundi, lakini asiwe mmiliki. Tarehe ya kulipia ada iandikwe katika daftari la mhazini pamoja na kiasi chake, na maneno ya siri ya kuingilia tovuti yawekwe katika bahasha iliyofungwa chini ya ulinzi wa viongozi wawili. Mapatano yaseme pia ni nani atakayemiliki michoro, picha na programu baada ya malipo ya mwisho, ili suala la hakimiliki lisiachwe kwenye dhana.

Uzito wa kurasa

Mteja hupenda picha kubwa na nyingi. Ni kazi ya msanifu kumwonyesha gharama yake kwa hesabu. Ukubwa wa picha hupimwa kwa baiti, na kasi ya mtandao hupimwa kwa biti. Baiti moja ni biti nane. Picha moja iliyopigwa kwa simu yaweza kuwa na megabaiti 4, sawa na megabiti 32. Ikiwa mtandao unapitisha megabiti 1 kwa sekunde, picha hiyo itachukua sekunde 32 kufika. Picha tano za namna hiyo zitachukua sekunde 160, yaani dakika mbili na sekunde 40. Dereva aliyesimama njiani hatangoja, na bando lake litakuwa limepungua kwa megabaiti 20.

Picha hizo hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja, zote tano zitakuwa na megabaiti 1 tu, nazo zitafika katika sekunde 8. Juu ya kioo kidogo cha simu, macho hayataona tofauti kubwa. Habari muhimu, yaani hali ya mashine, bei na namba ya simu, ziwekwe kwa maandishi juu kabisa ya ukurasa, kwani maandishi hufika kabla ya picha.

Rangi nazo zapaswa kupimwa. Mwongozo wa kimataifa wa W3C unataka tofauti ya mwanga baina ya maandishi ya kawaida na mandhari yake iwe angalau 4.5 kwa 1. Maandishi ya manjano juu ya rangi nyeupe hayafikii kiwango hicho, hata kama manjano ndiyo rangi ya dhahabu. Msanifu na mteja watoke nje saa sita mchana, wautazame ukurasa juani. Hoja itamalizika hapo hapo.

Taarifa za watu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Majina, picha na namba za simu za wanachama zisitangazwe bila ridhaa yao. Katika sehemu ya machimbo kuna sababu nyingine: kutangaza kiasi cha dhahabu kilichopatikana, mahali inapohifadhiwa au siku ya kuisafirisha ni kuwaita wanyang’anyi. Mteja akitaka kujivunia mavuno ya mwezi, msanifu ana wajibu wa kumwonya.

Majaribio na makabidhiano

Mwaka 2000, Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, alieleza kwamba kujaribu tovuti kwa watu watano hutosha kugundua kasoro zake nyingi. Jaribio hilo halihitaji maabara. Watafutwe wachimbaji watano wasiokuwa viongozi wa chama, kila mmoja apewe simu, aambiwe atafute bei ya kusaga mfuko mmoja. Msanifu akae kimya na kutazama vidole. Wakikwama watatu mahali pamoja, kasoro ni ya ukurasa, wala si ya watu hao.

Siku ya makabidhiano, msanifu amfundishe mjumbe mmoja wa chama kubadili habari za kila siku, na mjumbe huyo azibadili mwenyewe mbele ya wenzake. Ukurasa unaosema mashine inafanya kazi, nayo imekufa tangu juzi, ni mbaya kuliko kutokuwa na ukurasa, kwa kuwa mtu atakodi gari kwa kuuamini.

Hitimisho

Ustadi wa msanifu huonekana pia katika maswali aliyouliza kabla ya kuanza, katika karatasi iliyotiwa sahihi, na katika jina la kikoa lililoandikishwa kwa mwenyewe. Kazi iliyofuata njia hiyo hubaki mikononi mwa mteja hata kama msanifu hayupo tena.

Maswali ya kujadiliana

1. Shule ya msingi inaomba tovuti “kama ya chuo kikuu”. Msanifu aulize maswali gani kabla ya kutaja bei?
2. Ukurasa una picha nane, kila moja ya megabaiti 3. Utachukua muda gani kufika kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde? Picha zikipunguzwa hadi kilobaiti 150 kila moja, muda utakuwa kiasi gani?
3. Andika mapatano ya nusu ukurasa baina ya msanifu na chama cha ushirika, ukitaja mmiliki wa jina la kikoa na mlipaji wa ada.