Ugonjwa wa Akili Katika Ndoa

Swali: Je, mume aweza kumfukuza mkewe kwa sababu ameshikwa na wazimu?

Jibu: La, hawezi. Siku ya ndoa watu huahidiana uaminifu katika afya na katika ugonjwa. Na ugonjwa wa akili ni ugonjwa, kama homa ilivyo ugonjwa.

Wakatekumeni wapenzi, sikilizeni mfano. Mwanamke amejifungua salama. Kabla ya majuma mawili kutimia akosa usingizi, asema maneno yasiyofuatana, asikia sauti wasizozisikia wengine. Jamaa za mume wapiga kelele: «Amerogwa! Arudishwe kwao, mtoto abaki kwetu, maana mahari tulitoa.» Kumbe waganga wa hospitali waujua sana ugonjwa huo. Huwapata wazazi mmoja au wawili katika kila 1000, na wengi hupona wakitibiwa. Huko Bukavu, hospitali ya SOSAME ya Mafurere wa Karita hupokea wagonjwa wa akili. Basi mama huyo apelekwe kwa waganga upesi, wala asiachwe peke yake na mtoto mpaka atulie. Lakini kumlinda mtoto kwa muda si kumnyang'anya mama mwanawe.

Shauri la talaka likifika katika Tribinali ya Amani, kwanza hakimu huwaita mume na mke ili awapatanishe. Tena sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 yaagiza kwamba faida ya mtoto itangulie katika kila neno linaloamuliwa juu yake. Haikusema faida ya ukoo, wala ya mwenye kutoa mahari! Kwa hiyo jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Yafaa kuulizwa: Ni nani amlishaye mtoto na kumpeleka shule? Mgonjwa afuata dawa zake? Mtoto amepata kuumizwa? Naye mtoto mwenye ufahamu ana haki ya kusema neno lake.

Swali: Na kama mgonjwa ni mkali, apiga watu?

Jibu: Kanisa halimlazimishi mtu kukaa katika hatari. Kanuni 1153 ya Sheria ya Kanisa (1983) yamruhusu aliyehatarishwa, yeye au watoto wake, kutengana na mwenzi wake kwa idhini ya Askofu. Na kama kukawia ni hatari, aondoke mara moja. Watoto wapewe malisho na malezi. Kutengana huku hakuvunji ndoa. Hatari ikiisha, warudiane.

Wengine huchanganya neno hili na kanuni 1095. Hiyo yatazama siku ya ndoa yenyewe: aliyekosa akili ya kutosha siku ile, au asiyeweza kushika wajibu wa ndoa kwa sababu ya hali ya akili yake, hakufunga ndoa ya kweli. Ugonjwa ulioanza miaka kumi baadaye hauifuti ndoa. Waamuzi wa Kanisa huita wataalamu wapime; masengenyo ya majirani hayawatoshi. Na ndoa iliyofungwa kwa nia njema, hata ikionekana si kitu, watoto wake ni halali.

Mwenye shauri la namna hii asingojee siku ya mafundisho. Aje kwa Padri, na karatasi za hospitali asizisahau.