MTOTO AITWE KWA BABA YAKE

Ndugu Muislamu, katika Sura Al-Ahzab, aya ya 5, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametuamuru tuwaite watoto kwa baba zao. Umefunga nikaha msikitini, alhamdulillahi. Lakini mbele ya serikali nikaha peke yake haihesabiwi mpaka ndoa iandikwe komini. Ikiwa mwanao alizaliwa kabla ya hapo, na cheti kina jina la mama tu, usingoje. Nendeni wote wawili komini, iwe Katuba, Kenya au Ruashi, ukamtangaze kuwa wako, iandikwe pembeni ya cheti chake. Anayezaliwa leo aandikishwe ndani ya siku 90, kwa Sheria ya Familia iliyorekebishwa 2016. Zikipita, ni mambo ya tribinali. Ukifa kesho, mwanao atadai mirathi kwa karatasi gani? Wabillahi tawfiq.