Askari Aliyerudi Nyumbani na Vita Moyoni



Vijana wapendwa, leo tuwatazame ndugu zetu waliowahi kwenda vitani. Wengine ni babu zetu waliopigana Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Wengine ni baba na kaka waliolinda amani Kongo au Darfur. Wamerudi, tunawaona kanisani, lakini usiku wanashtuka usingizini, wana hasira za ghafla, au pombe imekuwa ndiyo dawa yao. Na sisi tunasema nini? “Ana mapepo huyo.” Au, “Asali tu, yataisha.”

Hebu tujifunze kwa Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Mei 1521, akiitetea ngome ya Pamplona, Hispania, kombora la mzinga lilimvunja mguu. Mwaka uliofuata aliacha upanga wake kwa Bikira Maria wa Montserrat, akaenda Manresa kuishi maisha ya toba. Huko ndiko mateso mengine yalipoanza. Alikuwa anaungama, lakini kila mara alihisi bado kuna dhambi hazijasamehewa. Ilifika hatua akapata kishawishi cha kujitupa kwenye shimo lililokuwa chumbani kwake.

Mimi si daktari, siwezi kumpima mtu wa miaka 500 iliyopita. Ila angalia hili: wakati huohuo Inyasi alikuwa anasali saa saba kwa siku, amepiga magoti! Kwa hiyo hakuteseka kwa sababu ya kutosali. Alipofunga kula wiki nzima ili apate amani, alimweleza muungamishi wake, naye akamwamuru ale. Akatii. Hakupona siku hiyohiyo, wasiwasi ulirudi, lakini hakubaki nao peke yake.

Katika masomo yangu ya falsafa nilipenda sana sehemu moja ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Akitaja dawa za huzuni, anataja kutafakari ukweli, lakini anataja pia machozi, huruma ya marafiki, usingizi na hata kuoga! Mwili na roho ni mtu mmoja. Neema haidharau mwili.

Sayansi nayo imechelewa kuwasikia askari. Ni mwaka 1980 tu ambapo madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza ugonjwa wa kiwewe katika orodha yao rasmi, baada ya wanajeshi waliotoka Vietnam kudai wasikilizwe. Leo unatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu na, inapohitajika, kwa dawa.

Basi tufanye nini?

1. Usimuulize, “Uliua wangapi?” Kaa naye, akitaka kusema msikilize. Akinyamaza, nyamaza naye.

2. Acha utani wa “apelekwe Mirembe.” Mirembe ni hospitali, si tusi.

3. Kama dhamiri inamuuma, msindikize kwa padre. Kama halali, msindikize pia hospitali ya rufaa ya mkoa. Kimoja hakifuti kingine.

4. Akisema amechoka kuishi, usiahidi kutunza siri. Usimwache peke yake, ita watu wazima, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Swali la wiki: katika jumuiya yako ndogo ndogo, ni mzee gani aliyekuwa askari ambaye hajatembelewa siku nyingi? Jumapili hii, baada ya Misa, pita kwake.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, utuombee.