SOMO KWA WANANCHI: GESI YA SAMADI NA NAMNA YA KUICHUKUA KWA USALAMA

Mwananchi aliyejenga mtambo wa gesi ya samadi karibu na banda la ng'ombe huwa na swali moja: gesi iko bandani, na jiko liko nyumbani au kwa jamaa wa mtaa wa pili. Je, haiwezekani kuijaza katika mtungi ikachukuliwa kama gesi inayouzwa dukani? Jibu la swali hilo ni hapana. Sababu zake hazina budi kufahamika na kila mmoja wetu, kwani kuzipuuza ni kuhatarisha maisha.

Gesi yenyewe

Gesi ya samadi hupatikana pale kinyesi cha mifugo kilichochanganywa na maji kinapooza ndani ya shimo lisilopitisha hewa. Kilo moja ya kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa takriban lita 40 za gesi. Kwa hivyo, mfugaji akusanyaye kilo 20 kwa siku kutoka kwa ng'ombe wake wawili hupata lita zipatazo 800. Jiko la nyumbani hutumia lita 200 hadi 450 kwa saa, basi gesi hiyo yatosha kupikia saa mbili hadi nne.

Baina ya asilimia 50 na 70 ya gesi hiyo ni methani, nayo ndiyo iwakayo. Inayobaki ni kabonidayoksaidi isiyowaka, mvuke wa maji, na kiasi kidogo cha haidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai viza. Hii ya mwisho ni sumu kwa binadamu na adui wa chuma.

Kwa nini mtungi haufai

Kwanza, gesi ya dukani hugeuka kimiminika inapobanwa kidogo tu, ndiyo maana kilo 15 huenea katika mtungi mmoja. Methani haina tabia hiyo. Madhali haikupoozwa hadi kufikia nyuzi 82 za Selsiasi chini ya sifuri, haigeuki kimiminika hata ikibanwa vipi. Mtungi wa kilo 15 una nafasi ya lita zipatazo 35. Gesi ya samadi ikishindiliwa humo kwa kani mara kumi ya hewa ya kawaida, zitaingia lita 350 tu, ambazo nguvu yake haifikii robo kilo ya gesi ya dukani. Hatari yote hiyo ni kwa mapishi ya saa moja!

Ni kweli kwamba magari na bajaji za Dar es Salaam hutumia gesi asilia, ambayo nayo ni methani. Lakini gesi hiyo imesafishwa, na mitungi yake imetengenezwa mahsusi kuhimili kani ya mara 200 ya hewa ya kawaida. Mtungi wa jikoni haukuundwa kwa kazi hiyo.

Pili, unyevu, kabonidayoksaidi na haidrojeni salfaidi hula chuma kwa ndani, mahali pasipoonekana. Inafaa ikumbukwe kwamba mitungi hubadilishwa dukani. Mtungi ulioharibiwa leo na mtu mmoja huweza kesho kuwa jikoni kwa familia nyengine isiyojua lolote.

Tatu, wapo wanaofikiria kutumia kompresa ya friji bovu. Kompresa hiyo ina mota ya umeme ndani yake, na haidrojeni salfaidi huharibu nyaya zake za shaba. Ikiwa hewa imechanganyika na gesi, cheche moja tu yatosha kuleta mripuko.

Njia iliyo salama

Njia ifaayo ni mfuko usioshindiliwa. Mhandisi wa Kijerumani Katrin Pütz alibuni mfuko wa kubebwa mgongoni wenye kuchukua mita za ujazo 1.2 za gesi. Mfuko huo ni mkubwa kwa umbo, lakini ni mwepesi, na mtu mzima humudu kuubeba kwa miguu.

Mfuko uwe wa turubai nene la plastiki lisilopitisha hewa, lililounganishwa kwa moto, na uwe na koki madhubuti. Mifuko myembamba ya dukani haifai. Kabla ya kuingia mfukoni, gesi ipitishwe katika chombo chenye vumbi la chuma lililoshika kutu, kwani kutu hunasa haidrojeni salfaidi. Vumbi hilo likibadilishwa, limwagiwe maji na litandazwe uwanjani mbali na vitu viwakavyo, kwa sababu huweza kupata moto lenyewe likikutana na hewa.

Wakati wa kupika, mfuko ulazwe nje ya jiko, kivulini, na juu yake uwekwe ubao wenye mawe ili gesi isukumwe polepole kupitia mpira hadi jikoni.

Mambo ya kuzingatiwa

1. Kabla ya kujaza, mfuko ukunjwe hadi hewa yote itoke. Methani ikiwa baina ya asilimia 5 na 15 ndani ya hewa huripuka.

2. Uvujaji uchunguzwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

3. Mfuko uliojaa usipakiwe katika daladala wala kulazwa chumbani. Anayeubeba asivute sigara.

4. Methani ni nyepesi kuliko hewa na hupanda juu. Jiko liwe na matundu karibu na paa.

5. Asiingie mtu ndani ya shimo la mtambo kwa sababu yoyote. Gesi yake huua kabla ya kuonekana, na harufu ya yai viza ikizidi hupumbaza pua hata isisikike tena.

Wananchi wanahimizwa kuendelea kutumia nishati hii, ambayo hupunguza ukataji wa kuni na kuacha mbolea nzuri kwa mashamba. Mafundi wa kuchomea vyuma nao wanaombwa wakatae kazi ya kuunganisha kompresa na mitungi ya gesi, hata kama mteja ni jirani au jamaa. Tahadhari kabla ya hatari.