Kuku na Akiba Yake ya Maji

Katika banda la kuku pana jambo ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama. Juu ya mavi ya kuku huonekana kitu cheupe kama chokaa. Wengine hudhani kuwa ni chokaa kweli, itokayo katika mawe madogo anayomeza kuku. Sivyo. Kitu kile cheupe ni mkojo wake.

Kila mnyama akiisha kula, mwili wake hubakiwa na taka yenye kudhuru, nayo haina budi kutolewa. Figo ndizo zinazochuja damu na kuiondoa taka hiyo. Katika ng'ombe na mwanadamu taka hii huyeyuka katika maji, kwa hiyo hutoka pamoja na maji mengi. Taka ya ndege ni ya namna nyingine. Sehemu yake kubwa huitwa asidi ya yuriki, nayo haiyeyuki vema. Huwa chembe ndogo nyeupe, mfano wa uji mzito. Maji machache yatosha kuitoa.

Faida yake huanza tangu yaini. Kifaranga hukaa ndani ya yai siku 21, wala hana njia ya kutupa taka yake nje. Kama ingeyeyuka, ingemdhuru. Lakini kwa kuwa ni chembe ngumu, huwekwa kando katika mfuko mdogo. Kifaranga akiisha kutoka, alama nyeupe za taka ile huonekana ndani ya ganda.

Kuku akichinjwa, figo zake huonekana zimejibana katika mashimo ya mifupa ya kiuno, chini ya uti wa mgongo, nazo zina rangi ya damu ya mzee. Kibofu cha mkojo hana. Mirija miwili hutoka katika figo na kumwaga mkojo katika chumba kidogo kilicho mwisho wa utumbo, ambamo mavi na mayai hupita pia. Chumba hicho huitwa kloaka.

Lakini figo za ndege zina udhaifu. Figo za mwanadamu zaweza kukaza mkojo hata ukali wake ukapita ule wa damu mara 4. Za ndege wengi hazipiti mara 2 au 3. Basi, je, maji yanayosalia katika mkojo hupotea? La, utumbo huzisaidia figo. Mkojo ukiisha kuingia katika kloaka hautoki mara moja. Utumbo hujikunja kinyumenyume na kuurudisha juu, hata ndani ya vifuko viwili virefu vilivyo ubavuni mwa utumbo. Huko chumvi huvutwa na kurudishwa katika damu, na maji huifuata chumvi. Kuku akila chakula chenye chumvi kidogo, utumbo huivuta kwa nguvu. Akila chumvi nyingi, huiacha ipite.

Hata hivyo uwezo huo una mpaka. Shakwe wa baharini ana tezi juu ya macho zitoazo chumvi, nayo hupita puani na kudondoka katika ncha ya mdomo. Kwa hiyo aweza kunywa maji ya bahari. Kuku hana msaada huo. Akila chumvi kupita kiasi, na maji hana, hufa. Tena kuku hatoki jasho. Wakati wa joto hutweta mdomo wazi, na maji yatokayo kwa pumzi hayawezi kurudishwa na figo wala utumbo.

Kwa sababu hiyo mfugaji mwenye akili huwawekea kuku maji safi kivulini kila siku, wala hawatupii mabaki ya chakula chenye chumvi nyingi. Mwili wa kuku hujua kutunza maji, lakini hauwezi kutunza yale ambayo haukupewa.

MASWALI
1. Kitu cheupe kilicho juu ya mavi ya kuku ni nini?
2. Kwa nini taka ya kifaranga haimdhuru ndani ya yai?
3. Eleza jinsi utumbo unavyozisaidia figo.
4. Kwa nini shakwe aweza kunywa maji ya bahari, na kuku hawezi?