Galatoni na Sauti Tatu: Mafunzo Niliyopata kwa Frank Humplick

Napiga solo katika bendi ndogo ya roki hapa Moshi. Mpigaji mpya akijiunga nasi, tunaanza na Frank Humplick, mzaliwa wa Moshi, mama Mchaga na baba kutoka Austria, aliyevuma miaka ya 1950 akiwa na galatoni, yaani gitaa kavu, na dada zake wawili.

1. Ukali hauhitaji kelele. Wimbo wake "I'm a Democrat" uligusa siasa za Afrika Mashariki wakati Kenya ilipokuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Serikali ya kikoloni iliupiga marufuku, na askari wakapita nyumba kwa nyumba wakiisaka santuri yake. Fikiria hilo: dola nzima inahangaishwa na wimbo mchangamfu wa gitaa! Nawapenda Nirvana, bendi ya roki ya Marekani. Katika "Smells Like Teen Spirit" ya mwaka 1991 ubeti unanong'ona, kiitikio kinalipuka, mbinu ambayo mwimbaji wao Kurt Cobain alikiri kuichota kwa bendi ya Pixies. Lakini Humplick hakuwa na mlipuko wa kumsaidia. Alitegemea maneno yasikike, na yalisikika.

2. Dakika tatu zinatosha. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 haukubeba zaidi ya hapo sana. Solo ndefu haikuwa na pa kukaa.

3. Sauti ya pili ni kazi ya ufundi. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi mazoezini. Zamani hizo waimbaji na gitaa walirekodiwa kwa pamoja. Hapakuwa na nafasi ya kurudi baadaye kuongeza sauti au kupunguza gitaa. Mizani ilipatikana kwa miguu: mwenye sauti nzito anarudi nyuma, mwenye nyembamba anasogea. Sikiliza "Harusi", jinsi Frank na dada zake wanavyotamka silabi kwa pumzi moja. Nasi tunaweka maikrofoni moja katikati ya chumba, amplifaya zote zimezimwa. Mwimbaji asiyemsikia mwenzake anajulikana papo hapo, na hakuna kitufe cha kumficha.

4. Muziki una uchumi wake. KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, kilianzishwa mwaka 1933, na baada ya Vita Kuu ya Pili bei ya kahawa ikapanda. Fedha ilifika hadi vihambani, mashamba ya familia za Kichaga, Machame na Marangu. Naamini hadhira ya gitaa ilikuzwa pia na kahawa, ingawa kampuni za santuri zilikuwa Nairobi.

5. Usiufunike wimbo wa mtu. Humplick alifariki mwaka 2007, na wapigaji wengi wa umri wangu hawamjui, jambo linaloniuma. Tunapoupiga "I'm a Democrat" kwa mtindo wetu, drams huingia ubeti wa pili, kwa brashi. Besi inabaki chini. Mimi sikanyagi pedali ya kukwaruza sauti mpaka maneno yote yamekwisha kuimbwa.